Ruaha Mkuu: maji Mbuyuni, mchanga Msembe

Mwalimu wa jiografia wa sekondari moja ya Mbagala ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Oktoba iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tulishuka kwenye basi kununua vitunguu, tukauangalia mto pale darajani. Una maji, tena yanakwenda kwa nguvu. Kesho yake tuko hifadhini, Msembe. Mto ni ule ule, Ruaha Mkuu, na ramani inaonyesha tumepanda kuelekea chanzo. Tukakuta mchanga mtupu na madimbwi mawili matatu yaliyojaa viboko. Binti mmoja akaniuliza: Mwalimu, inakuwaje mto una maji huku chini na kule juu umekauka? Nikamjibu kwamba Bwawa la Mtera limezuia maji. Toka siku hiyo jibu langu linanikereketa. Nisaidie kabla sijawafundisha wengine vibaya."

Marahaba, mwalimu. Umefanya vizuri kurudi kuuliza, na huyo binti mpe salamu zangu, kwa sababu ameona kitu ambacho wasafiri wengi wa barabara ile hawakioni maisha yao yote. Nitajibu kwa urefu. Mto huu nimeupima kwa miaka mingi ya kazi yangu kabla sijastaafu na kurudi Dar es Salaam, na sipendi ueleweke nusu nusu.

Tuanze na Mtera, tuitoe njiani. Mtera iko chini ya hifadhi. Maji hupita Msembe kwanza, halafu ndiyo yafike Mtera, na bwawa haliwezi kuzuia maji ambayo hayajalifikia. Tena ukweli umekaa upande wa pili kabisa: maji mliyoyaona Mbuyuni yalikuwapo kwa sababu Mtera ipo. Nitalirudia hilo mbele.

Kilichowachanganya ni umbo la mto na njia ya basi. Tandaza ramani mezani. Ruaha Mkuu una umbo la kiwiko kilichoelekea kaskazini. Bega lake liko kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, kule Mbeya, Makete na Njombe. Mkono wa juu unashuka katika bonde la Usangu, unakatiza hifadhini kuelekea kaskazini mashariki, mpaka kwenye kiwiko, ambacho ni Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Hapo mto unageuka. Mkono wa chini unarudi kusini mashariki, unapita Ruaha Mbuyuni, unafika Kidatu, unaingia uwanda wa Kilombero, kisha Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na huko ndiko unakoungana na Rufiji. Mji wa Iringa umekaa ndani ya kiwiko hicho. Kwa hiyo mtu anayetoka Dar es Salaam huukuta kwanza mkono wa chini pale darajani Mbuyuni, hupanda Kitonga, hupita Iringa, halafu hutoka upande wa pili kuufuata mkono wa juu. Mlikutana na mto mmoja mara mbili, na kati ya mara hizo mbili mlikuwa mmeruka kiwiko kizima pamoja na bwawa lake.

Jina lenyewe lina jambo. Ruaha linatokana na neno la Wahehe, luvaha, maana yake mto. Tunaposema Mto Ruaha tunasema mto mto. Waliouita hivyo hawakuhitaji kuupa jina lingine, kwa sababu ndio uliokuwa mto.

Sasa twende begani, maana jibu la binti liko huko na kwenye bonde linalofuata. Kule juu, kwenye uwanda wa Kitulo, uko kwenye mita 2,600 hivi. Asubuhi za Juni na Julai kuna umande wa barafu kwenye majani. Watu wa huko hupaita Bustani ya Mungu kwa maua yake, na tangu 2005 nayo ni hifadhi ya taifa. Mvua ya milima hii hufika milimita 1,600 kwa mwaka sehemu nyingine, na huja kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo ni ukavu wa miezi sita. Lakini mito yake haikauki. Nyasi nene na udongo mlaini wa milimani hunywa mvua wakati wa masika, kisha huitoa kidogo kidogo kupitia chemchemi muda wote wa kiangazi. Mto wa mlimani unaoendelea kutiririka Oktoba unakunywesha mvua ya Februari.

Mito inayoingia Usangu ikiwa hai mwaka mzima ni mitano: Ruaha wenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali, na Ndembera unaotokea upande wa Mufindi. Ipo mingine mingi, ila hiyo hukauka mvua zikikatika. Ukipanda basi la Mbeya ukavuka Makambako, tega macho madarajani. Pale Igawa unavuka Mbarali, na baadaye unavuka Kimani na Chimala. Fanya hivyo Oktoba, mwezi ule ule mliokuta mchanga Msembe, na utaiona ina maji, baridi na meupe, yakiruka kwenye mawe. Kwa hiyo swali la binti ni kubwa kuliko alivyoliuliza. Mto una maji juu kabisa, una maji chini, na umekauka katikati. Hifadhi iko katikati hapo.

Kinachotokea ni Usangu. Zamani sana ardhi ya hapa ilididimia kati ya kingo mbili, kama sehemu nyingi za Bonde la Ufa, na mito ikalijaza shimo hilo kwa mchanga na tope lililokwanguliwa milimani. Leo ni uwanda mpana ulio karibu mita 1,000 juu ya bahari, tambarare kiasi kwamba macho hayaoni mteremko. Mto unaoshuka kutoka mita 2,500 ukifika pale hukata mwendo ghafla. Unatua mzigo wake wa tope, unapasuka vijito, unatanda. Ndiyo maana udongo wa Usangu una rutuba. Mvua ya uwandani ni haba, milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, na jua lake ni kali. Usangu unaishi kwa maji ya milimani, hauna ya kwake ya kutosha.

Maji hayo yakishatanda hukusanyika upande wa mashariki, kwenye bwawa la asili lenye matete, tunaloliita Ihefu. Mwisho wa Ihefu kuna mahali paitwapo Ng'iriama. Mwalimu, wanafunzi wako wakisahau yote haya, jina hilo walibaki nalo. Ng'iriama ni kizingiti cha mwamba. Maji ya Usangu yote, ya mito mitano na ya vijito vyote, hayana mlango mwingine wa kutokea. Mwamba umekaa pale kama kizingiti cha mlango wa nyumba ya zamani. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, yanaumwagikia, na hapo ndipo Ruaha Mkuu wa hifadhini unapozaliwa. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa upana wa kiganja, hakuna kinachotoka. Nyuma yake kunaweza kuwa bado na kilomita za maji na matete, viboko wakioga na ndege wakivua, na mbele yake mto umekufa.

Kwa hiyo hifadhini mto hukauka kwa mtindo wake. Mto wa kawaida hupungua kila sehemu kwa pamoja. Ruaha hukatwa mlangoni. Siku maji yanapoacha kuvuka Ng'iriama, kilichobaki chini huendelea kutiririka siku kadhaa, kisha kinakatika vipande, kisha vipande vinakuwa madimbwi. Huko hifadhini vipo vijito vya msimu kama Mwagusi, lakini Oktoba hivyo navyo ni mchanga. Hakuna cha kuusaidia.

Watafiti waliolifanyia hesabu bwawa hili katika miaka ya 2000 walipata tarakimu ambayo mimi huwaandikia vijana ubaoni. Ili zitoke lita 500 tu kwa sekunde pale Ng'iriama wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kuingiziwa takriban lita 7,000 kwa sekunde. Fikiria matangi saba ya lita 1,000, yale meusi ya juu ya nyumba zetu, yakimiminwa kila sekunde upande mmoja, na upande wa pili litoke nusu tangi. Tofauti yote inakwenda juani, kwenye matete na ardhini. Tena walipopima kilichokuwa kikiingia kweli wakati huo, kilikuwa karibu nusu ya kinachohitajika. Ndiyo sababu haisaidii kumwambia mtu "punguza kidogo". Kidogo hakifiki. Ihefu hunywa kwanza, na inachobakiza ndicho mto.

Zamani ilikuwa inafika. Vipimo vya mto pale Msembe vilianza kuchukuliwa miaka ya 1960, na kwa miongo mitatu mto ulipungua kila kiangazi lakini haukukatika. Mwaka 1993 ukakatika. Tangu hapo kukauka kumekuwa ndiyo kawaida ya kiangazi. Ubao wa kupimia kina, mbao zile zenye tarakimu zilizosimamishwa mtoni, husomwa asubuhi na jioni. Nimewahi kufika kwenye ubao wa aina hiyo ukiwa umesimama mchangani, umekauka hadi unakwaruza mkono ukiugusa, na tope la mwaka jana limepasukapasuka chini yake. Daftari la msomaji wa ubao lilikuwa na sifuri moja baada ya nyingine, asubuhi sifuri, jioni sifuri, ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Alikuwa haachi kwenda kusoma. Nilimpenda sana mtu yule kwa kazi hiyo.

Wewe hukusema kuhusu mvua, lakini najua utaulizwa: siyo kwamba mvua zimepungua? Utafiti mkubwa wa Usangu uliokamilika 2001 uliliangalia hilo kwa makini na haukuona mvua ya milimani imeshuka kiasi cha kueleza kifo cha mto wakati wa kiangazi. Kilichokuwa kimebadilika ni kiasi cha maji yanayochotwa kati ya barabara kuu na Ihefu.

Hapa nataka tuwe waangalifu na tuwe waungwana, kwa sababu tunazungumzia riziki za watu. Usangu ni ghala la mpunga. Kuna mashamba makubwa yaliyoanzishwa na serikali, kama Mbarali, Kapunga na Madibira, na kuna maelfu ya wakulima wadogo wenye majaruba yao. Mwaka wa mvua nzuri mpunga hufika takriban hekta 40,000. Ukienda Rangi Tatu leo jioni ukanunua mchele wa Mbeya, huenda umeshika maji ya Kimani au Mbarali mkononi. Mimi hula wali huo, na watoto wako shuleni wanaula. Kwa hiyo mji wetu umo ndani ya hesabu hii, haupo pembeni kuitazama.

Mpunga wenyewe, ule wa masika, haukaushi mto. Februari maji ni mengi kwa wote, na mafuriko huvuka Ng'iriama kwa wingi. Tatizo liko miezi ya Agosti hadi Novemba. Msimu ukiisha, mifereji mingi haifungwi. Maji yanaendelea kuingia mashambani ambako hakuna zao. Mengine yanatumika nyumbani, kwa matofali, kwa bustani za mboga, na mengi yanapotea yakitanda kwenye majaruba matupu. Halafu ifikapo Oktoba wakulima wanataka kuloanisha vitalu mapema ili wavune mapema, kwa sababu anayevuna kwanza anauza kwa bei nzuri. Oktoba ndio mwezi ambao mto hauna hata tone la ziada.

Kuna jambo jingine, na hili naona ndilo limefichika kuliko yote. Banio la zamani, yaani kile kizuizi cha kuingiza maji mferejini, lilijengwa kwa mawe, miti na nyasi. Lilivuja. Mafuriko yalilibomoa kila mwaka na wanakijiji wakalijenga upya. Kwa kuwa lilivuja, hata Oktoba sehemu ya mto ilipenya ikaenda zake chini. Baadaye yakaja mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Yalijengwa kwa nia njema, na kwa mkulima yalikuwa ukombozi kweli, kwani alipumzika kujenga upya kila mwaka. Lakini banio la zege halivuji. Mlango wake ukiachwa wazi kiangazi, linaweza kuumeza mto mdogo mzima ukaingia mferejini. Tuliita hilo maboresho, na kwenye vitabu vya mradi lilihesabiwa kama ufanisi. Hakuna aliyekuwa ameuandika uvujaji wa banio la zamani kama haki ya mtu wa chini, wala ya kiboko.

Lawama kubwa iliwaangukia wafugaji. Kati ya 2006 na 2007 waliondolewa Ihefu na mifugo yao, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote nchini wakati ule. Ng'ombe wengi kwenye ardhi oevu wanaharibu, sikatai. Lakini angalia matokeo: ng'ombe waliondoka na mto uliendelea kukauka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitoa ahadi mbele ya dunia kwamba Ruaha Mkuu utarudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi ilikuwa ya dhati na watu wengi walihangaika kuitimiza, nami nilikuwa mmojawapo kwa nafasi yangu ndogo. Mwaka 2010 ulipofika mto ulikauka. Hifadhi ililinda bwawa, lakini mabanio yako nje ya hifadhi, na mto huanzia nje ya hifadhi. Mpaka wa hifadhi hauzuii maji kuchotwa juu yake. Kazi iliyobaki ni ya jumuiya za watumia maji na ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji kule Iringa: kukaa na wakulima, mfereji kwa mfereji, na kukubaliana mlango upi ufungwe Agosti. Ni kazi ya polepole, haina picha nzuri za gazetini, na ndiyo pekee ninayoiamini.

Turudi Msembe, kwa kile mlichokiona. Natumaini mlikaa vya kutosha kuwaona tembo. Mto ukikauka juu, maji hayajaisha yote. Mengine yako chini ya mchanga, yanasogea taratibu kati ya chembe na chembe. Tembo anajua. Anasimama mchangani, anapiga kwa mguu wa mbele, anakwangua nyuma, anapiga tena, kisha anautumia mkonga kuchota mchanga na kuutupa pembeni. Shimo linakuwa jembamba, la kina cha mkonga wake. Halafu anasubiri. Maji huja yenyewe kutoka pembeni, yamechujwa na mchanga, ni masafi kuliko ya dimbwi lililo hatua ishirini kutoka hapo. Anakunywa, anasubiri lijae, anakunywa. Nyani na swala husimama mbali wakingoja zamu, na tembo akiondoka wao ndio wanaosogea. Mchimbaji huyo anawanywesha wengine bila kujua.

Viboko hawana njia hiyo. Kiboko anahitaji maji ya kuzamisha ngozi, la sivyo jua linampasua. Wanajikusanya kwenye dimbwi moja, wanapigana, na mavi yao yanageuza maji kuwa uji wa kijani ambamo samaki hukosa hewa na kufa. Nyati, ambao lazima wanywe kila siku, hubaki karibu na madimbwi, wakamaliza malisho ya hapo, na simba nao wamejua. Watalii wanafurahi kwa sababu wanyama wanaonekana kwa urahisi. Mwambie binti kwamba kile walichokiita bahati ya kuona wanyama wengi mahali pamoja, kwa wanyama wenyewe ni dhiki.

Sasa lile la Mbuyuni. Chini ya hifadhi mto unaingia Mtera. Bwawa hilo lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na likijaa lina zaidi ya mita za ujazo bilioni tatu. Maji yake mengi ni ya mafuriko ya masika, yale yaliyovuka Ng'iriama kati ya Januari na Mei, pamoja na ya Kisigo unaotoka upande wa magharibi na ya Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo ndio ule mliouona ukipita pembeni ya Iringa mjini. Unatoka Mufindi, haukauki, na kiangazi ndio unaoendelea kulisha bwawa wakati Mkuu amelala. Mtera ina mitambo ya megawati 80, ila kazi yake kubwa ni kuweka akiba kwa ajili ya Kidatu, megawati 204, iliyoanza 1975. Kila siku maji yanafunguliwa Mtera ili yafike Kidatu kuzungusha mitambo, na njiani mto Lukosi unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa unaongezea. Maji hayo yanapita Mbuyuni. Mlipokuwa darajani na vitunguu vyenu mikononi mlikuwa mnatazama mvua ya Machi, iliyokaa ghalani miezi saba na kufunguliwa ili taa ziwake, pengine hapo hapo Mbagala.

Hapa nisahihishe jambo ambalo watu wa Dar es Salaam tumelirithi tangu mgao wa umeme wa 2006. Tuliambiana kwamba wakulima wa Usangu wamekausha mto, ndiyo maana Mtera imekwisha, ndiyo maana tuko gizani. Sehemu ya hilo haisimami. Maji ya kiangazi, hata enzi ambazo mto haukukauka, yalikuwa kidogo sana ukilinganisha na ya masika. Kukosekana kwake kunaua viboko na kuwatesa watu wa vijiji vya chini, lakini bwawa la mita za ujazo bilioni tatu halijazwi wala halikaushwi na Oktoba. Linajazwa na masika, na linaisha kutegemea mvua ilivyokuja na jinsi maji yalivyofunguliwa. Ni matatizo mawili tofauti kwenye mto mmoja, na tukiyachanganya tunamdai mkulima deni lisilo lake, huku lile lililo lake halisi, la mlango wa banio Agosti, likipita bila kuulizwa.

Na kama wataulizia bwawa jipya la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115 na lililoanza kuzalisha umeme 2024, waambie liko Rufiji, chini ya mahali Ruaha unapoingia. Lakini usiwaache wadhani Ruaha ndiyo mama yake. Ruaha Mkuu una eneo kubwa kuliko mito mingine ya bonde la Rufiji, karibu nusu ya bonde zima, ila huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji. Kilombero, wenye eneo kama nusu ya hilo, huleta asilimia 62 hivi, kwa sababu umekaa upande wa milima inayopokea upepo wa bahari. Hilo nalo ni somo zuri la jiografia: ukubwa wa eneo kwenye ramani hausemi maji ni kiasi gani.

Kwa darasani, fanya hivi. Tafuta beseni la plastiki lililochakaa, ukate ukingo wake upande mmoja, mkato mfupi usiofika hata nusu ya kina. Huo mkato ni Ng'iriama. Ndani weka sifongo za kuoshea vyombo, nyingi, zikiwa kavu, ziwe matete ya Ihefu. Chini ya mkato weka sinia lenye mchanga, hiyo ni hifadhi. Mpe binti yule jagi amimine maji upande wa pili, taratibu, bila kukoma. Wataona muda mrefu unapita bila kitu kutoka, sifongo zikinywa. Kisha maji yatafika kwenye mkato na kuanza kumwagikia mchangani. Waache waufurahie mto wao. Halafu mwanafunzi mwingine achukue mrija au kikombe kidogo, awe anachota sehemu ya maji ya jagi kabla hayajaingia kwenye beseni, na binti asiongeze mwendo wa kumimina. Mwambie aongeze kuchota kidogo kidogo. Kuna wakati mmoja, utauona, ambapo beseni bado lina maji mengi, sifongo zimelowa chepechepe, jagi bado linamimina, na kwenye mkato tone la mwisho linaning'inia. Hapo wanyamazishe wote, mwulize yeye mto umekaukia wapi, na umpe nafasi aoneshe kwa kidole.